Jinsi nilivyounganisha seli za lithiamu kwa taa ya banda, Makete
Seli moja ya lithiamu haikutosha kuwasha taa ya banda la kuku hadi alfajiri, hivyo niliunganisha seli nne za aina moja kwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili chaji iongezeke huku volti zikibaki zile zile za seli moja, wastani wa 3.7. Kwanza nilichaji kila seli peke yake hadi volti 4.2 na kuzipima kwa mita, kwani seli zenye volti tofauti husukumiana mkondo mkali mara zinapounganishwa. Kila seli ina fyuzi yake inayokata mkondo ukizidi kabla ya moto kuzuka (fyuzi ni nafuu kuliko banda jipya), na bodi moja ya kinga, yaani saketi ndogo inayozuia seli kuchajiwa au kuishiwa chaji kupita kiasi, inazilinda zote. Asubuhi za sakitu sichaji mpaka jua lizipashe, maana kuchaji chini ya nyuzi joto 0 huharibu seli.