Siku yangu kati ya mabwawa mawili ya majimoto

Saa 11 alfajiri. Leo nachota sampuli za majimoto ya volkano, nijue yanatoka wapi. Nahesabu chupa, sindano na vichujio vya mikromita 0.45. Ukisahau vifuniko, huko juu volkanoni hakuna wa kumwazima.

Saa 2 asubuhi. Harufu ya mayai viza inatulaki kabla hatujauona mvuke. Ni haidrojeni salfaidi. "Dada, bado unanusa?" mwenzangu anauliza kila mara. Si utani: gesi hii ikizidi huua pua kwanza, kisha mwenye pua. Kipimagesi hakitoki kifuani.

Saa 3. Bwawa la kwanza linatokota tope la kijivu, pH (kipimo cha uasidi) 2.4, yaani asidi kali. Wageni hulipiga picha wakidhani limetoka tumboni mwa mlima. Wapi! Ni maji ya juujuu. Mvuke ulipanda na gesi yake, ikakutana na oksijeni, ikawa asidi ya sulfuriki, na sasa inatafuna miamba. Salfeti tele, kloraidi kiduchu.

Saa 5. Mteremkoni kuna chemchemi tulivu, maji maangavu, nyuzi 88, pH karibu 7, kingo nyeupe ngumu za silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Hii haina mbwembwe, lakini ndiyo inayojua habari za chini, na kloraidi yake nyingi ni ushahidi, kwa kuwa kloraidi haipandi na mvuke. Silika huyeyuka zaidi kadiri maji yanavyopata moto, hivyo kiasi chake hudokeza joto la kule yalikotoka. Tatizo, yakipoa chupani silika huanza kushikamana na kipimo kinasoma pungufu. Kwa hiyo nazimua papo hapo: mililita 10 za sampuli, 90 za maji yaliyokenekwa. Glavu imeloa, chupa inaniponyoka. Naanza upya, kimya kimya.

Chupa ya isotopu, yaani atomi nyepesi na nzito za elementi ileile, najaza pomoni, pasiwe na kiputo.

Saa 9 alasiri. Matone ya asidi ya nitriki kwenye chupa za sampuli za kupimia metali, lebo, basi.

Saa 1 usiku. Majibu ya sampuli za safari iliyopita. Isotopu za haidrojeni ya maji zinafanana na za mvua ya mlimani. Oksijeni imekuwa nzito kidogo kwa kubadilishana na miamba, kama mwanajiokemia Harmon Craig alivyoeleza mwaka 1963. Maji karibu yote ni mvua ya kale. Mlima umetia moto na gesi.

Ila kuhusu joto la chini, silika inadai nyuzi 190, uwiano wa sodiamu na potasiamu unadai 240. Nashuku maji baridi yamejipenyeza njiani na kuizimua silika. Kesho nakwenda kuchota kijito cha jirani, kile tulichokiruka leo.