Jinsi Nilivyotengeneza Moyo wa Kitambaa kwa Shule ya Jumapili

Ushauri ambao kila mwalimu mpya wa Shule ya Jumapili hupewa ni kununua bango la moyo wenye wanyama wanaowakilisha dhambi, kulibandika ukutani, basi. Siukubali. Bango halibadiliki, wakati ule moyo wa Ezekieli 36:26 unabadilishwa: wa jiwe unatolewa, wa nyama unatiwa. Nilitaka moyo ambao watoto wataona vitu vikitoka na vingine vikiingia.

Wanyama niliwafuata kama walivyo katika picha za Johannes Gossner, aliyezichapisha Ujerumani mwaka 1812 akiwa bado padri wa Kikatoliki: tausi ni kiburi, mbuzi uasherati, nguruwe ulafi, kobe uvivu, chui hasira, nyoka wivu, chura uchoyo. Niliwachora kwenye manila, kila mmoja ukubwa wa kiganja.

Ubao ni plaiwudi ya mita moja kwa mita moja iliyovikwa blanketi jepesi lenye manyoya. Moyo ni flaneli nyekundu, upana sentimita 70, umeshonewa juu yake. Selotepu usithubutu: ukibandua mara mbili imejaa manyoya, haishiki tena. Siri yote ni msasa. Kata vipande vya sentimita 3 kwa 3, vibandike nyuma ya picha kwa gundi ya mbao, upande wa mchanga ukitazama nje. Mchanga huo ndio unaong'ang'ania manyoya. Chukua msasa mkali, namba 80 hivi. Ule laini wa kumalizia mbao unateleza tu. Picha moja yatosha vipande viwili, kimoja juu na kimoja chini. Ziwekee kitu kizito usiku kucha, maana gundi ikiwa mbichi hukunja manila, na picha iliyojikunja haigusi blanketi. Ubao nao uegemee nyuma kidogo. Ukisimama wima, feni inaangusha chui katikati ya somo. Gharama? Kama blanketi kuukuu lipo nyumbani, ni hela ndogo sana.

Kobe ndiye mgumu kuliko wote. Watoto wetu wamelelewa na hadithi ambamo kobe ni mwerevu, anamshinda sungura mbio, na ukiwaambia ni mvivu wanakubishia, tena wana haki. Mimi humweleza hivi: ukimgusa, anaficha kichwa. Moyo unaoitwa kwenye sala ukajificha, huyo ndiye kobe. Hapo hakuna anayebisha. Mbuzi kwa watoto wadogo namwacha kwenye bahasha.

Kuhusu mpangilio, naomba walimu wanisikilize. Usitoe wanyama wote kisha ukawaonyesha moyo mtupu ukisema umekuwa safi. Mathayo 12:43-45 inasema pepo aliyetoka alirudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaleta wengine saba walio waovu kuliko yeye. Kwa hiyo naanza kwa kuingiza: msalaba katikati, njiwa juu yake, Biblia iliyofunguliwa chini. Kila kimoja kikiingia, mtoto mmoja anakuja kusogeza mnyama hadi nje ya mstari wa moyo, huku darasa likisoma Zaburi 51:10, "Ee Mungu, uniumbie moyo safi."

Wanyama hawarudi kwenye boksi. Wanabaki juu ya blanketi, nje kidogo tu ya moyo. Hapo ndipo Mithali 4:23 inapata maana: "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo." Mtoto akiuliza kwa nini nyoka bado yupo pale, somo limefika. Kitu kimoja nakikataza kabisa: kumtaja mtu. Siku mtoto akisema chura ni mama fulani wa jirani, kila mmoja atatafuta wanyama kwenye moyo wa mwenzake.

Darasa la kipaimara siwapi wanyama. Nawapa karatasi tupu za manila, msasa na Marko 7:21-23, waandike wenyewe yatokayo moyoni, kisha watafute nini kiingizwe mahali pake.