Nikazuiliwa Hata Sasa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nilisoma Warumi 1 huku nikiilinganisha Biblia yetu na ile ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611. Katika mstari wa 13 Paulo anasema mara nyingi alikusudia kuwaendea Warumi, "nikazuiliwa hata sasa." Kiingereza kile kimeweka hapo neno let. Nikashtuka. Let tunayoijua ni kuacha, kuruhusu. Ndiyo inayofungua tamko la "Iwe nuru" katika Biblia hiyo hiyo. Imekuwaje tena iwe kuzuia?

Kumbe ni maneno mawili. Kiingereza cha kale kilikuwa na lætan, kuacha, na lettan, kuzuia. Karne zikapita, miisho ikadondoka, yakabaki na sauti moja. La kuruhusu likaenea. La kuzuia limejibanza pembeni, kama katika pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenye nayo apite bila kizuizi.

Ila kilichonigusa ni asili ya hilo la pili. Lettan ni ndugu wa late, yaani kuchelewa. Kwa watu wale wa kale, kumzuia mtu kulikuwa kumchelewesha. Nikakumbuka methali yetu: kawia ufike.

Paulo alikawia kweli. Na kwa kuwa miguu haikufika Roma, kalamu ilitangulia. Barua ile ndiyo tunayoisoma leo. Angepata njia mapema, pengine angewaeleza yote kwa mdomo, nasi tusingekuwa na sura ya 8. (Hayo ni mawazo yangu, lakini siwezi kuyaacha.) Alipofika hatimaye, alifika na mnyororo, na askari wa kumlinda. Hata hivyo tazameni Matendo 28: miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga, akiuhubiri ufalme wa Mungu kwa ujasiri mwingi, "asikatazwe na mtu." Ndiyo maneno ya mwisho ya kitabu kizima. Yule aliyeandika "nikazuiliwa" tunamwacha pale, amefungwa, na hakuna anayemzuia.

Mimi nina ombi ambalo nilikwisha kuliita limekataliwa, nikaacha hata kulitaja. Jana usiku nimelirudisha magotini. Niombeeni, nami ninawaombea ninyi wenye la kwenu.