Usiku wa fainali Changsha

Agosti 2005 Watanzania wengi tuliokuwa tukisoma Changsha, mji wa China, hatukurudi nyumbani likizo, maana posho ya ufadhili haikutosha nauli ya ndege. Ndiyo maana Ijumaa ile ya tarehe 26 nilikuwa mjini. Joto halikupungua hata usiku, watu wamejazana nje wakila kamba wa mtoni wa pilipili, na televisheni ya kila mgahawa imefunguliwa stesheni moja: Televisheni ya Hunan, fainali ya Super Girl, mashindano ya uimbaji ya wasichana ambayo mshindi alipatikana kwa kura za watazamaji, mubashara kutoka mji huohuo.

Njiani wasichana wawili wakanisimamisha, wamebeba bango lenye picha ya mshiriki mmoja, Li Yuchun. Waliomba simu yangu wapigie kura. Kila laini iliruhusiwa kura 15, na zao walishazimaliza. Nikawapa. Mmoja akawa anaandika ujumbe, vidole vinamtetemeka. Mwenzake akaniambia kwamba huyo amekata nywele kama za Li Yuchun na baba yake amemnunia, hata salamu haitikii.

Nilimtazama yule binti nikakumbuka sekondari kwetu, ambako kunyoa kulikuwa sheria ya shule na hakuna mzazi aliyeona mwanawe kapungukiwa uanamke. Pale mambo yalikuwa mengine. Li Yuchun, mwanafunzi wa muziki kutoka Sichuan, alipanda jukwaani na suruali yake na nywele zake fupi, hajirembi wala hajilegezi. Na China ilikuwa ikijiandaa kwa Olimpiki ya Beijing ya 2008. Kila mtu anawaza wageni watamwona Mchina wa namna gani. Mama mwenye mgahawa tuliokuwa tukila alilitamka waziwazi: "Wageni watasema hatuna wasichana warembo." Yeye alimtaka mshindani mwingine, Zhang Liangying. Kwa sauti tupu, mama yule alikuwa na haki, na hata leo nasema hivyo.

Kura zikasomwa. Li Yuchun zaidi ya milioni 3.5. Wa pili Zhou Bichang, naye nywele fupi na miwani, zaidi ya milioni 3.2. Zhang wa tatu, mbali kabisa. Mtaa ulilipuka kwa vifijo. Mabinti wakakumbatiana wakilia kwa sauti, na mimi machozi yakanitoka, kwa sababu nilimkumbuka yule wa nywele na baba yake.

Magazeti ya nje yaliandika sana kwamba Wachina wameonja demokrasia. Pale nilipokaa hakuna aliyetaja serikali. Walizungumzia suruali, nywele, waume watakaowaoa, na mama zao. Kwangu hilo lilikuwa zito zaidi.

Oktoba jarida la Time, toleo la Asia, likamweka Li Yuchun jaladani. Sura ambayo mama yule aliiogopea wageni, wageni ndio walioichagua. Wakubwa hawakuridhika: 2006 Liu Zhongde, aliyewahi kuwa Waziri wa Utamaduni, aliyashambulia mashindano hayo hadharani, na Septemba 2007, baada ya mashindano ya wavulana kumalizika, kura za ujumbe wa simu zikapigwa marufuku.