Pembetatu Kwenye Mchoro wa Meli

Nilikuwa nimejiandaa kubishana kuhusu bei tu. Meli za kitalii huuza vyumba kwa madaraja: vya ndani visivyo na dirisha, vyenye dirisha lisilofunguka, na vyenye roshani, nami niliamini kwamba mtu akishachagua daraja, kazi imekwisha. Mke wangu alitaka roshani, ili watoto watakapolala mchana tupate pa kukaa sisi wawili badala ya kunong'onezana gizani. Hoja yake ilikuwa na mashiko. Lakini mtoto wetu wa kati alikuwa na miaka mitano, na nyumbani hapakuwa na kitu ambacho hakuwa amekiparamia, hivyo kila nilipofikiria viti viwili vilivyowekwa karibu na ukingo wa roshani, tumbo lilinikata.

Hesabu ndiyo iliyotukwamisha kwanza. Vyumba vingi vya meli havizidi watu wanne, wawili kwenye kitanda kikubwa na wengine kwenye sofa linalokunjuliwa au vitanda vinavyoshushwa kutoka darini. Sisi tulikuwa watano, na kitinda mimba wetu, ijapokuwa alikuwa bado anabebwa mgongoni, alihesabiwa kama abiria mwingine yeyote, kwa kuwa idadi ya watu haipangwi kwa vitanda peke yake bali pia kwa nafasi zilizomo katika mashua za kuokolea. Ilibidi tuchukue vyumba viwili. Mke wangu akapendekeza kimoja cha roshani na kingine cha ndani, ng'ambo ya ujia. Nikamwuliza ni nani angelala wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, maana sote tulijua kwamba tungegawana watoto na mapumziko yetu yangegeuka kuwa zamu za ulinzi.

Siku chache baadaye wakala alituandikia kwamba ametupatia vyumba viwili vya dirisha "vilivyo pamoja", nasi tukashukuru. Nikautandaza mchoro wa sitaha mezani ili watoto waone watakapolala. Kifungua mimba wetu, ambaye akiwa na miaka tisa tayari alikuwa na tabia ya kusoma yale maandishi madogo ya pembeni ambayo watu wazima huyaruka, akaweka kidole kwenye mstari uliotenganisha vyumba vyetu.

"Baba, mbona wengine wana pembetatu hapa na sisi hatuna?"

Nikaitafuta maana ya pembetatu hiyo chini ya mchoro: mlango wa kati. Vyumba vyetu vilipakana tu, na mtoto ambaye angeamka usiku akimtafuta mama yake angelazimika kutoka ujiani kwanza. Niliona haya, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuupitia mchoro ule mara tatu.

Kufikia hapo, vyumba vyenye pembetatu vilivyobaki wazi vilikuwa jozi mbili: moja omo, yaani mbele ya meli, sitaha za juu, na nyingine katikati ya meli, sitaha ya pili. Meli inapokutana na mawimbi, ncha zake hupanda na kushuka kama pembea huku sehemu ya kati ikitulia zaidi, na kadiri mtu anavyokaa juu ndivyo anavyozidi kuyumbishwa. Mabaharia wetu wa zamani walisema nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: uende nyuma au mbele, mwisho utarudi tumboni mwa chombo. Sidhani walikuwa wakiwafikiria watoto wenye kichefuchefu, lakini usemi huo ulitusaidia kuamua. Nikakagua pia kilichokuwa juu yetu, nikihofia ukumbi wa muziki. Mchoro ulionyesha eneo jeupe, lisilo na jina wala alama. Nikafurahi, nikidhani kwamba pasipoandikwa kitu hapana kitu.

Tulipopanda melini, mhudumu alitueleza kwamba mtoto wa miaka mitano haruhusiwi kulala kitanda cha juu, kwa hiyo kifungua mimba akapewa ngazi na ufalme wote wa darini, na mdogo wake akalala sofani akiwa amenuna. Mlango wa kati tuliuacha wazi, ukishikiliwa na ndoano yake.

Kabla ya mapambazuko niliamshwa na ngurumo juu ya kichwa changu: magurudumu yaliyopita, yakasimama, yakarudi, kisha mlio wa masufuria. Lile eneo jeupe lilikuwa jiko, ambalo kampuni haikuona sababu ya kuwachorea abiria, na wapishi walikuwa wameanza kazi. Mke wangu alifungua jicho moja, akanitazama, akalifumba. Nikasikia miguu midogo ikivuka kizingiti. Mtoto wetu wa kati alipanda kitandani, akajipenyeza katikati yetu, akasikiliza kwa makini.

"Baba," akanong'ona, "huko juu kuna treni?"

Nikamwambia ipo. Akaridhika, akalala kabla ya sufuria la pili kuanguka.