Maili za ndege zinatupeleka Amsterdam na Paris

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisafiri kikazi kwa shirika la ndege la KLM kutoka Dar es Salaam, na maili nilizopata, yaani pointi anazopewa abiria kwa safari zake, ziliingia kwenye akaunti yangu ya Flying Blue, mpango wa pamoja wa Air France na KLM. Wiki hii nimezitumia kukata tiketi za likizo yetu ya Ulaya, nami nimefurahi mno.

Katika mpango huu idadi ya maili zinazotakiwa hubadilika kulingana na siku, hivyo mke wangu alikaa na kalenda kwenye simu, akisogeza tarehe moja baada ya nyingine, mpaka akaona kwamba kuondoka Jumanne kulihitaji maili chache zaidi kuliko Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Binti yetu, kwa kuwa hajatimiza miaka 12, alipunguziwa asilimia 25 ya maili. Kilichonivutia zaidi ni kwamba tumeruhusiwa kukaa Amsterdam siku kadhaa kabla ya kuendelea Paris, bila kuongezewa maili kwa sababu ya mapumziko hayo, jambo ambalo naona wasafiri wengi wa kwetu hawalitumii ipasavyo.

Ieleweke kwamba maili hazifuti kodi na tozo za tiketi. Hizo tumezilipa wenyewe, na si kidogo. Sasa tunaandaa nyaraka za viza ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ambayo huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari.