Waliosema "huyu si wetu, ni wa wakala" wamenilipa

Jamani naandika hii maana nimechoka na wajuaji. Mtaani kila mtu anakwambia ukishaingia kazini kupitia wakala huna chako, wakikumwaga nenda kalale. Mimi wamenimwaga, sijalala, na wamelipa.

Nilikuwa kwenye ghala moja hapa Dar, kushusha na kupanga mzigo. Mikataba ya miezi mitatu mitatu, ikiisha mnapumzishwa wiki mbili hivi mnarudi kusaini upya, jina la wakala juu ya karatasi limebadilika ila ghala lile lile, supavaiza yule yule. Hapo wanaokoa hela: NSSF, mfuko wa pensheni, hawakuchangii, likizo ya siku 28 husikii, kiinua mgongo ndo kabisaa. Na wanakatakata hivyo kwa vile sheria ya ajira inasema aliye chini ya miezi sita hawezi kudai kaachishwa isivyo halali. Ila kifungu hicho hicho cha 35 kinasema miezi ni ya kwa mwajiri yule yule, iwe mkataba mmoja au mingi, hilo hawakwambii.

Sasa siku ya kumwagwa, meseji imeingia kwenye grupu la WhatsApp la shifti. Watu wakatukana, wakajitoa. Kuna jamaa anajifanya mwanasheria akanipigia, "toka humo, onyesha msimamo". Msimamo gani bwana! Nikakaa kimyaaa, usiku nikaanza kupandisha juu kusoma meseji za zamani za grupu: "kesho saa 12 asubuhi kontena la kwanza fulani na fulani, asiye na buti asiingie", miezi na miezi, anayeamrisha ni mtu wa kampuni, wakala hata hayumo humo. Nikaprinti yote stesheneri, dada wa pale akaniuliza hii kesi ya mapenzi au? Elfu ishirini na ushee ikaenda.

Nikaenda CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, kampuni wakaja na wimbo wao, huyu hatumtambui. Nikagawa makaratasi. Sheria ya Taasisi za Kazi kifungu cha 61 inataja vitu kadhaa, kimoja tu kikiwepo unahesabika mwajiriwa mpaka wao wathibitishe vinginevyo: nani anakuamrisha, vifaa vya nani, umefanya walau wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwisho (mimi hizo nilikuwa nazimaliza ndani ya wiki). Msuluhishi akamuuliza mwakilishi wao, huyu anayepanga watu humu ni nani? Jamaa akaanza kutafuta kalamu.

Wakalipa hela ya notisi, ya likizo na nyongeza kidogo juu. Si hela ya kujenga, ila kodi imelipika na deni kwa Mangi wa dukani limeisha. Wakili sikuweka.

Mgogoro wa kuachishwa unafunguliwa ndani ya siku 30. Waliojitoa kwa hasira ndo sasa wananitafuta, "kaka nirushie zile skrinishoti", siku zimeshapita, inabidi kwanza waombe kuruhusiwa kuchelewa na waeleze sababu. Sijui wataandika walikuwa wanaonyesha msimamo.